Saa ya Mwalimu Kristofa

Ijumaa, tarehe 8 Juni 1956, saa nne asubuhi, karatasi ya Mboni ilikuwa imejaa pande zote mbili. Mwalimu Kristofa alikuwa amewaagiza wanafunzi wake wa Pangani waandike, upande wa kushoto, kazi ambazo watu wa nyumbani husema kila mmoja wao anazifanya. Upande wa kulia, idadi ya saa ambazo mwanafunzi mwenyewe amemwona akizifanya.

"Bibi: saa sifuri," mwalimu alisoma. "Ulipima kwa saa gani?"

"Ya ukutani, mwalimu."

Semeni, jirani yake, akacheka. "Ile ya kwenu si imekufa tangu Ramadhani?"

Mboni aliinamisha kichwa. "Nilikisia, mwalimu. Wote wamesema bibi hana kazi. Hata yeye mwenyewe."

Mwalimu alivua saa yake ya mkononi, akampa. "Kesho pima. Andika ulichokiona."

Nyumbani palikuwa na barua mezani, ikingoja posta ya Jumatatu. Miraji, baba yake Mboni, alikuwa amemwandikia ndugu yake Sadalla wa Moa aje amchukue mama yao. "Hapa hana la kufanya," alisema. "Akapumzike huko." Mboni alikuwa akilala chumba kimoja na bibi tangu alipoacha kunyonya. Hakutaka aende.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Bibi Mize alikuwa ameshakalia mbuzi, akikuna nazi. Saa moja alimpakata mdogo wake Mboni ili mama yao, Asmahani, aende shamba. Saa nne alipepeta mchele. Saa nane alisuka ukili wa mkeka, huku akiwafukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa.

"Mbona unanikodolea macho, wewe? Nimekuibia?"

"Napima kazi, bibi."

"Basi kampime mama yako. Mimi nimekaa tu hapa."

Kweli, kazi zote alizifanya ameketi, na hakuna aliyezihesabu. Baada ya sala ya alasiri Mboni alijumlisha: saa tisa na robo. Akampelekea baba yake karatasi.

Miraji aliisoma mara mbili. Kisha akatoka uani. Mama yake alikuwa akisuka, mtoto amelala mapajani mwake.

"Mama, unataka kwenda Moa?"

"Hukuniuliza kabla ya kuandika barua, mwanangu. Sitaki."

"Nisamehe, mama. Na ahsante kwa yote haya." Akamgeukia Mboni. "Sisi tulisema tulivyozoea kusema. Wewe umeangalia. Ukitaka kujua mtu anafanya nini, usikisie, wala usitosheke na maneno ya watu. Angalia kwanza."

"Ahsante, baba."

Jumatatu asubuhi Mboni alifuta ile sifuri, akaandika tisa na robo, akamrudishia mwalimu saa yake kwa mikono miwili. Barua ya Moa haikupelekwa posta.