Kompyuta ya Marehemu Shadya

Betri ilikuwa imekufa na waya wa umeme umelala sakafuni, lakini kompyuta ya marehemu Shadya ilikuwa inawaka. Haitham aliiona, akajiambia labda kuna chaji kidogo iliyobaki, akavuta kiti. Alikuwa fundi hodari, hilo hatumnyimi. Lakini alikuwa na tabia chafu: kila mwanamke aliyempelekea kompyuta pale dukani kwake, nyuma ya soko la Darajani, alimwibia picha zake za faragha kabla hata ya kutazama ubovu. Mtu wa namna hii anatia hasira hata kumsimulia.

Kompyuta hiyo aliletewa asubuhi ile na Bi Mashavu wa Mkokotoni, mama yake Shadya. Binti alikufa mwezi uliopita, akaacha faili moja la sauti lililoandikwa "Kwa Mama", nalo halifunguki. Mama alitaka kuisikia sauti ya mwanawe, basi. Alinong'ona kwamba Shadya alikuwa na jini mwanamme aliyejifanya mumewe, tena mwenye wivu, na kwamba bado yumo humo kwenye kompyuta.

"Fungua hilo moja tu, baba. Na kabla hujafungua, piga hodi."

Haitham aliitikia naam, na bibi alipopotea kichochoroni akacheka. Hakupiga hodi. Faili la mama hakuligusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha.

Hazikufunguka. Akabadilisha programu, zikagoma. Akazihamishia kwenye kompyuta yake mwenyewe, zikagoma, na kila alipobofya harufu ya udi ilipanda, nzito, kama ya chumba cha bibi harusi. Akatukana, akapiga meza. Alasiri mvua ikaanza, umeme ukakatika mtaa mzima, feni ikasimama, na Haitham, badala ya kufunga duka na kwenda zake, akaendelea kubofya kwa ghadhabu mbele ya kioo kile kilichowaka bila umeme na bila betri, huku udi ukimkaba koo na pumzi ya mtu ikimpita shingoni, ya moto, ikienda na kurudi, naye akijilazimisha kuamini kuwa ni joto tu la mvua.

"Hodi," sauti ya mwanamme ikasema.

Alidhani ni mteja, akaendelea kubofya. Ikaja ya pili. Ya tatu akaijibu bila kugeuka, kama sote tunavyojibu tangu utotoni.

"Karibu."

Hakuingia mtu. Ila harufu ya udi ilimpita ubavuni, ikatoka mlangoni.

Umeme uliporudi, Bi Mashavu naye akarudi, buibui limelowa. Haitham alimwambia kwa ukali kuwa faili limeharibika, aende zake. Bibi hakubishana. Aliinama, akapiga hodi mara tatu kwa sauti ya chini, akabofya. Shadya akasema.

"Mama, usilie. Yule mume kaniacha leo. Kuna mtu kamkaribisha kwake."

Bibi alilia, akakibusu kioo. Alipoinua uso akaona kompyuta ya pili. Picha za mwanawe zilikuwa zimefunguka zote, pamoja na za wanawake wengine asiowajua. Machozi yakamkauka.

Simu ya Haitham ikalia. Alikuwa mkewe, Riyama, na alikuwa ananong'ona.

"Kuna mwanamme chumbani kwetu. Anasema wewe umemkaribisha. Nimo naye ndani, na mlango haufunguki."

Haitham alipiga magoti, akamwomba bibi amwite jini yule arudi. Bi Mashavu aliikumbatia kompyuta ya mwanawe.

"Nilikwambia upige hodi," alisema, akatoka.

Riyama hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo linalouma. Haitham alikimbia mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo, akafika akitweta, akausukuma mlango wa chumba kwa bega, kwa mguu, kwa nondo. Mwisho akaweka paji la uso kwenye mbao, akapiga hodi, mara tatu, kwa adabu.

"Rudi," mwanamme akajibu kutoka ndani.