Siku Saba za Kazi

Kila alasiri akitoka shuleni, Sindano alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mbele, mahali mama yake aliposhonea nguo. Alifagia vipande vya vitambaa, akatunga uzi na kuwapokea wateja. Jina hilo alipewa na wateja wenyewe, kwa wembamba wake na ulimi wake mkali.

Jumanne hiyo, tarehe tatu, alifika amevimba kwa hasira. Asubuhi sweta lake lilichanika begani, na Kasuku, mwimbaji mkuu wa darasa, akapaza sauti: "Jamani, tazameni! Mtoto wa fundi, naye kachanika!" Darasa zima likaangua kicheko. Sindano aliuma meno. "Utanitambua," aliapa moyoni.

Kabla jua halijatua, nani aliingia? Kasuku huyo huyo, na shangazi yake! Alitaka gauni la kuimbia kwenye sherehe ya shule. Mama alimpima, akasema, "Nipeni siku saba za kazi. Sindano, wape tarehe." Kisha akaingia ndani kutazama pasi.

Shangazi alihesabu kwa vidole. "Leo tatu, ongeza saba, tarehe kumi. Sherehe ni tarehe kumi na moja. Afadhali!"

Sindano aliijua hesabu ya mama yake. Siku ya kuagiza haihesabiwi. Unaanza kesho yake. Jumamosi na Jumapili unaziruka. Ijumaa hii nayo ilikuwa sikukuu ya kitaifa, kazi hakuna. Jumatano moja, Alhamisi mbili, kisha unarukia Jumatatu, ya tatu... Siku ya saba iliangukia Ijumaa ya tarehe kumi na tatu. Sherehe ingekuwa imekwisha zamani!

"Tarehe kumi, siyo?" Kasuku aliuliza.

"Ndiyo," Sindano alijibu, macho makavu. "Tarehe kumi."

Wiki nzima alikula kisasi chake kama asali. Alimwona Kasuku akilini, amesimama jukwaani na sare iliyopauka, shule nzima ikicheka. Hata alimuuliza kwa upole wa paka, "Mwenzangu, gauni umeshalitengea viatu?"

Tarehe kumi ikafika. Gauni lilikuwa halina mikono.

"Mafundi ndivyo mlivyo!" shangazi alifoka. "Njoo leo, njoo kesho!"

"Dada, nilisema siku saba za kazi. Leo ni ya nne tu," mama alijibu.

"Mwanao ametwambia tarehe kumi! Mwongo ni nani, wewe au yeye?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walitazamana, wakachukua vitambaa vyao, wakaondoka. Mama aliinama juu ya cherehani. Kasuku alilia kwa kwikwi, lakini Sindano hakumwona tena. Alimwona mama yake tu.

"Mama, ni mimi," alisema. "Niliijua tarehe. Nilitaka aaibike, kwa sababu alinicheka."

Mama akaziweka kando kazi nyingine zote. "Dada, gauni utaondoka nalo leo. Sindano, wafuate wale wateja, uwaambie kosa ni la nani. Ukirudi, kaa hapa utie vifungo."

Sindano alikwenda mbio, uso ukimwaka kwa haya. Mmoja alikubali kurudi. Wa pili alimfungia mlango. Aliporudi, Kasuku alijisogeza karibu naye, akachukua sindano.

"Nilikuanza mimi," alinong'ona. "Nisamehe."

"Na mimi pia unisamehe," Sindano alijibu.

Jioni gauni lilikamilika. Wageni walipoondoka, mama alimgeukia bintiye.

"Mwanangu, hesabu yako ilikuwa sahihi kabisa, ulichokosea ni kuificha. Akikuumiza mtu, mwambie, au mwambie mwalimu, au niambie mimi. Kisasi hakina macho. Ulimlenga Kasuku, kikanipiga mimi."