Mayai Mia Sita na Kibodi Kabatini

Mama Vifaranga hakupewa jina hilo bure. Chumba cha nyuma cha nyumba yake kilikuwa na mashine ya kutotolesha mayai, kubwa kama kabati la nguo. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, aliingia humo kuangalia joto.

Mashine hiyo iliongozwa na kompyuta iliyokaa mezani. Kompyuta ndiyo iliyopandisha joto, ikalishusha, ikayageuza mayai. Safari hii kulikuwa na mayai mia sita ya kikundi cha kina mama wafugaji. Safari iliyopita, kabla ya kuwa na kompyuta, mashine ilipoa na mayai yote yakaharibika. Mwenyekiti wa kikundi alimwambia bila kupepesa macho, "Tunakupenda, mama, lakini tukirudi mikono mitupu tena, tutatafuta pengine."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Akawa analinda kila kitu. Chumba kile kilijaa vumbi na manyoya, na yote yaliingia kwenye vitufe vya kibodi. Siku ya nne akaichomoa, akaifunga kwa kitambaa, akaifungia kabatini chumbani kwake. Kompyuta ikaendelea na kazi kama kawaida.

"Unaona?" alimwambia mumewe. "Kibodi ni ya kuandikia barua. Mayai hayaandikiwi barua."

Mumewe alicheka tu. Wiki mbili zikapita salama salimini.

Siku ya kumi na nane, saa tatu asubuhi, umeme ulikatika. Baada ya dakika kumi ukarudi. Mama Vifaranga akasikia friji ikinguruma jikoni. "Afadhali," akasema, akaendelea kufua nguo uani.

Saa tano mumewe akapaza sauti. "Mke wangu! Njoo upesi! Huku kumepoa!"

Aliacha nguo palepale. Joto la mashine lilitakiwa liwe nyuzi thelathini na saba na nusu. Lilikuwa thelathini na moja. Skrini ya kompyuta ilikuwa nyeusi, na juu yake palikuwa na maneno machache ya Kiingereza. Mumewe aliyasoma polepole.

"Inasema haioni kibodi. Halafu inasema tubonyeze kitufe cha kibodi ili iendelee."

"Kibodi ipi, na yenyewe inasema haioni?"

"Hata mimi sielewi. Inatutania."

Mama Vifaranga hakucheka. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi wa kompyuta.

"Shemeji, usilie kwanza," fundi alisema. "Kibodi iko wapi?"

"Kabatini."

"Kabatini inafanya nini, inaumwa? Ichomeke, kisha ubonyeze kile kitufe kilichotajwa."

Alikimbia, akaichomeka, akabonyeza. Mashine ikaanza kuunguruma. Akachukua tochi, akamulika yai la kwanza. Kimya. La pili, kimya. La tatu, kitu kikasogea ndani. Akashusha pumzi, machozi yakamtoka.

Alasiri shemeji alifika na mkoba wake.

"Kompyuta ikiwashwa, kwanza inajikagua," alieleza. "Ni kama mwalimu anayeita majina darasani. Akikosekana mmoja, hii yako inagoma kuanza somo. Ulipochomoa kibodi, kompyuta ilikuwa imeshawaka, kwa hiyo haikujali. Shida ilikuja ilipoanza upya."

"Basi kosa ni langu."

"Kuichomoa si kosa, shemeji. Inaweza kufanya kazi bila kibodi mwaka mzima. Ila ilibidi kwanza uiambie isiingoje."

Akaizima, akaiwasha, akafungua ukurasa wa mipangilio kabla haijamaliza kuwaka. Akaiagiza isisimame kwa kukosa kibodi. Akaiagiza iwake yenyewe umeme ukirudi, na ifungue yenyewe programu ya mayai. Kisha akaiunganisha na simu ya Mama Vifaranga kwa nywila, yaani neno la siri, ili aione na kuiongoza akiwa popote nyumbani.

"Nywila hii usimpe mtu," alisema.

"Hata mimi?" mume akauliza.

"Wewe hasa, kaka."

"Na kibodi?" Mama Vifaranga akauliza.

"Irudishe kabatini, lakini usiitupe. Siku ya kubadilisha mipangilio utaihitaji."

Akachomoa kibodi. Halafu akazima umeme ukutani.

"Shemeji! Una wazimu? Mayai yangu!"

"Bora ikosee leo nikiwa hapa."

Akauwasha tena. Hakuna aliyeigusa kompyuta. Maandishi yakapita kwenye skrini, programu ikafunguka, feni ikazunguka.

Siku ya ishirini umeme ulikatika tena. Uliporudi, mume alikurupuka kwenda kabatini.

"Kaa," Mama Vifaranga alimwambia. Akakodolea macho simu yake. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Thelathini na saba na nusu.

Siku mbili baadaye mwenyekiti alikuja na wenzake wawili. Alisimama mlangoni. Kelele za vifaranga zilikuwa zimejaa chumba kizima.

"Wangapi?" aliuliza.

"Mia tano na kumi na wawili."

Mwenyekiti akainama, akamchukua mmoja kiganjani.

"Mayai mengine mia sita," alisema, "tunakuletea Jumatatu."