Tabaka la Miti

Alhamisi, saa kumi alasiri.

Mpango ulitandazwa juu ya meza ya kubandikia vinyago, katika chumba cha nyuma cha karakana iliyonuka gundi na karatasi mbichi. Mji mzima wa Patras ulikuwa ukijiandaa kwa Jumapili ya kanivali. Wanaume watatu na mwanamke mmoja walikuwa wakijiandaa kwa jambo jingine.

Thymios ndiye aliyekuwa kiongozi. Alikuwa na sauti ya chini na imani kubwa katika vitu asivyovielewa. Pandelis alikuwa dereva na mtu wa kufuli. Lambis aliwahi kumtumikia sonara waliyekusudia kumwibia, na alijua jinsi kasha lake la chuma linavyofunguliwa. Mwanamke, Asimina, alikuwa dada yake Lambis. Ofisi yake ilipewa na manispaa kazi ya kupanga mwendo wa umati. Alikuja na kompyuta kwa sababu mdogo wake alikwisha kuingia, na Thymios alimweleza kwa upole kwamba aliyeingia hatoki akiwa mzima.

Katika programu ya kompyuta hiyo mji ulikuwa umepangwa kwa matabaka: kuta tabaka lake, malango lake, miti lake, na watu juu ya yote, wakiwa nukta zinazotembea. Tabaka likiwashwa, nukta hulitii. Likizimwa, hupita kana kwamba halijapata kuwako. Asimina alikuwa mkali juu ya mpangilio huo. Aliwahi kumrudishia mwenzake kazi nzima kwa sababu ya benchi moja lililowekwa katika tabaka la kuta.

"Zima miti," Thymios alisema. "Inaniziba nisione barabara."

Alisema hivyo kila mara. Asimina aliizima. Kisha akafunga lango la chini, penye mwisho wa ngazi kubwa, kama mpango ulivyotaka. Nukta zilishuka, zikasimama, zikageuka njano, kisha nyekundu.

"Hizo nyekundu ni nini?" Pandelis aliuliza.

"Ni watu wasioweza hata kuinua mkono. Wa nyuma hawajui kwamba mbele pamefungwa, wanazidi kushuka. Wataangukiana. Watoto watakuwa chini."

"Ah, dada! Kanivali bila kusukumana ni mazishi."

"Hii itakuwa vyote viwili."

"Polisi watapenya hapo?" Thymios aliuliza.

"Hawatapenya."

"Basi pananifaa."

"Fungeni lango la juu badala yake. Pale ni tambarare, hakuna wa kuporomoka."

Thymios aliitazama picha kwa muda. "Kesho unionyeshe kwamba la juu linaziba vilevile. Ukishindwa, kufuli linakaa chini."

Ijumaa, saa tano asubuhi.

Lango la juu halikuziba kitu. Hatua chache kando yake palikuwa na uzio wa mabati wa ghala lililobomolewa, na kwa Jumapili hiyo tu manispaa ilikuwa imepanga kuutoboa ili watu wapite. Wenyeji hawakujua. Mabati yale yalikuwa yamesimama pale miaka mingi, na mwenyeji hasomi matangazo ya mtaa anaoujua.

Asimina aliutoa mpenyo huo katika tabaka la malango, akauweka katika tabaka la miti. Kwa fani yake, hiyo ilikuwa dhambi. Hakuwaendea polisi, kwa kuwa polisi wangemchukua Lambis. Tumaini lake lilikuwa moja: siku yenyewe wezi wangeona watu wanapita, wangetishika, wangerudi makwao.

Alasiri ile Thymios alikaa mbele ya kioo. "Zima miti."

Mpenyo ulitoweka pamoja na mikuyu. Lango la juu likafungwa. Nukta zikajaa, zikawa nyekundu, zikasimama.

"Unaona, injinia?" Thymios alisema. "Kumbe na wewe una roho ya kazi."

Jumapili, saa nne asubuhi.

Lambis alikuwa jikoni kwa mama yao, akinywa kahawa akiwa amesimama. Asimina alimweleza yote.

"Kwa hiyo umetuuza."

"Nimewapa njia ya kuondoka. Mkiona watu wanapita, ondokeni."

"Thymios haondoki. Picha ameshaiona."

"Basi wewe usiende, Lambis. Jifanye mgonjwa."

"Nisipotokea atajua kuna kitu. Pandelis ana kufuli mfukoni, ataliteremsha hadi lango la ngazini palepale." Aliweka kikombe. "Mama yuko wapi?"

"Ametoka mapema kuwahi nafasi. Ngazini, na shangazi. Kama kila mwaka."

Lambis aliinama. Alijifunga kamba za viatu, taratibu, kama mtu anayekwenda kanisani.

Saa nane na robo mchana.

Pandelis alifunga lango la juu. Umati ulisita, ukanung'unika, kisha ukapinda kushoto na kuanza kupenya katikati ya mabati.

"Mkuu, wanatoka," alisema kwenye simu.

"Wanatoka wapi? Pale ni ukuta."

"Nawaona kwa macho yangu!"

"Macho yako hayajapigiwa hesabu. Kaa hapo."

Pandelis hakukaa. Aliwasha gari na kuondoka peke yake. Kati ya wote, yeye pekee ndiye aliyeamini alichokiona.

Dukani, sonara alikuwa amelala kifudifudi, na kasha lilikuwa wazi. Kengele ililia. Thymios hakuharakisha; kwa hesabu yake polisi walikuwa wamekwama. Nyayo za polisi zilipolia barazani, alimgeukia Lambis.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Thymios alimpiga kitako cha bastola usoni. Alipoinua mkono mara ya pili, mlango ulikuwa umekwisha kuvunjwa.

Saa nane na dakika hamsini.

Asimina alisimama penye mabati, amevaa fulana ya wasimamizi, akiwaelekeza watu. Polisi waliwapitisha wawili wale hapo hapo, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Uso wa Lambis ulikuwa umejaa damu. Watu waliovaa vinyago waliidhania rangi. Walimpisha, wakampigia makofi.

Thymios aliiona fulana. Akaona mpenyo. Alielewa vyote kwa pamoja.

"Huyu!" alipaza sauti. "Muulizeni huyu! Ni wetu!"

Polisi mmoja alisimama. "Bibie, unawafahamu?"

"Sijawahi kumwona," Lambis alisema upesi, pasipo kuulizwa. "Huyo mzee amechanganyikiwa."

Polisi alingoja. Angeweza kuondoka, alikuwa na haraka, na makelele yalikuwa mengi. Nyuma yake wanawake wawili wazee walikuwa wakiukaribia mpenyo, wameshikana mikono ili wasipoteane. Mmoja alikuwa mama yake Asimina.

"Yule kijana ni mdogo wangu," Asimina alisema. "Nitakuja nanyi. Ila kwanza mweke mtu hapa, watu bado wanapita."