Betri Zenye Utepe Mweupe

"Hii inamulika mpaka mwezini, dada! Shika uone!"

Muuzaji alimwashia tochi usoni, na mshonaji akafumba macho. Ilikuwa saa tano asubuhi, na mtaa wa vifaa vya umeme ulikuwa umefurika. Kila duka limetoa spika nje, kila spika na wimbo wake. Mshonaji alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa, na futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni. Alitoka nayo kwenye cherehani bila kujua.

"Ni ya baba yangu," alisema. "Macho yake siku hizi..."

"Ndiyo hii hii! Mzee ataona hadi kesho kutwa."

"Hiyo itampofusha," ilisema sauti kutoka kibanda cha pili.

Haikuwa sauti ya kushindana. Mwenye nayo alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa mgongo, shati lake la bluu limepauka mabegani, kalamu mfukoni.

"Taratibu, niachie mteja wangu!" yule wa kwanza alifoka huku akicheka.

"Sijamchukua. Nimesema tu."

Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, Taratibu. Redio uliyompelekea Jumatatu uliipata Alhamisi, lakini hukuirudisha tena.

Mshonaji akasogea. "Kwa nini impofushe?"

"Ataitumia wapi?"

"Kwenye ngazi. Tunakaa ghorofa ya tatu, na ngazi zile hazina dirisha hata moja. Saa sita mchana ni giza totoro."

"Mkono mmoja anashika reli?"

"Ndiyo. Na vidole vyake vimekakamaa."

"Anashuka mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili. Ana wenzake wa drafti pale chini."

"Akiiangusha, kuna wa kumwokotea?"

"Kaka, unauza tochi au unanifanyia usaili?"

"Yamebaki maswali saba," alijibu Taratibu, na hakuwa anatania.

Alipoyamaliza, alipanga tochi tatu juu ya meza. Akaiondoa ya kwanza. "Mwanga wa hii ni mwembamba. Ataona ngazi moja, ya pili atakisia." Akaiondoa ya pili. "Hii ni ya chuma, tena ya mviringo. Ikimponyoka itabingirika mpaka chini, naye ataifuata." Ikabaki ya tatu, nyepesi, yenye kingo, swichi yake pana ya mpira imekaa pale pale kidole gumba kinapoangukia. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, umetandaa kama mkeka. "Inatumia betri mbili za kawaida, zile nene. Duka lolote wanazo. Mzee hatakuwa mtumwa wa chaja."

Kisha akatoa glavu nene za kazi. "Vaa hizi. Fumba macho. Washa."

Alijaribu, akakosa. Akajaribu tena, ikawaka.

"Hivyo ndivyo vidole vya mzee vinavyoamka asubuhi," alisema Taratibu. "Kama wewe umeweza, naye ataweza."

Mshonaji alifumbua macho taratibu. Hakuna mtu aliyewahi kuvifikiria vidole vya baba yake kwa kiasi hicho. Hata yeye mwenyewe.

Kabla ya kuzitia betri, Taratibu alizungushia kila moja kipande chembamba cha utepe mweupe wa gundi, akaandika tarehe kwa herufi ndogo.

"Ya nini hiyo?"

"Nijue zilianza kazi lini. Kila betri inayotoka hapa ina utepe. Sasa, inahitaji kamba ya shingoni."

"Kamba niachie mimi. Ni fundi cherehani."

"Nimeona." Akaelekeza kidevu kwenye futi.

Mshonaji alijishika shingo, akacheka hadi muuzaji wa kibanda cha kwanza akageuka kutazama amekosa nini.

Wiki iliyofuata Taratibu alimpigia simu mshonaji.

"Habari, fundi. Tochi inaendeleaje?"

"Haijambo. Inakusalimu."

"Na kamba?"

"Kamba ni nyekundu, nimeishona mara mbili. Hata ukimning'inizia jirani haikatiki."

Alipiga wiki ya pili, na ya tatu. Kufikia wiki ya tano alikuwa anapiga kila siku.

"Leo hukuiulizia tochi," mshonaji alisema.

"Leo namuulizia mwenye kamba."

"Mwenye kamba yupo, anashona sare arobaini na hajatia kitu tumboni."

"Basi nakuja na chakula, mpenzi."

"Utafika leo au Alhamisi?"

Alifika ndani ya nusu saa, akihema. Walikula kwenye benchi nje ya chumba cha kushonea, vipande vya nyuzi vimemganda mshonaji kwenye gauni, naye Taratibu akimtoa kimoja kimoja bila haraka.

"Mwisho wa mwezi nataka kuja kumsalimu mzee," alisema. "Kwa jambo la kueleweka."

Mshonaji aliacha kutafuna. "Njoo. Lakini ujue mapema. Mama alishatangulia, na mimi ndiye wa pekee. Anayenichukua mimi anachukua na baba."

"Mimi ni fundi wa redio. Redio bila betri ni sanduku tu. Nilishaelewa kuwa ni vitu viwili pamoja."

"Nani betri, nani sanduku?"

"Hilo nitamuuliza mzee."

Wiki moja kabla ya siku hiyo, saa nane mchana, jirani wa ghorofa ya kwanza alimpigia simu mshonaji. Baba ameanguka kwenye ngazi.

Alikimbia na viatu vya ndani. Alimkuta mzee ameketi sakafuni, paji la uso limechubuka, kifundo cha mguu kimevimba kama andazi, kamba nyekundu shingoni. Tochi ilikuwa kifuani pake, imezimika.

"Imezima ghafla nikiwa katikati," mzee alisema, akitazama pembeni. "Si kitu, mama. Si kitu."

Daktari alisema mfupa haukuvunjika, ni kuteguka tu. Hapo nje ya kliniki mshonaji alimpigia Taratibu.

"Baba ameanguka! Tochi yako imemzimikia katikati ya ngazi!"

Ile sauti ya upole ikauliza, "Betri zilizokuwa ndani zina utepe?"

"Nini?"

"Zifungue uangalie. Kama zina ute..."

"Baba yangu angekufa! Nawe, neno la kwanza kinywani mwako ni betri? Hata kuuliza kama mzee ni mzima?"

"Sikiliza, kipenzi, mimi nilitaka kujua..."

"Usinipigie tena."

Taratibu alibaki na simu sikioni. Alikuwa mtu ambaye akiambiwa asipige, hapigi. Alituma ujumbe mmoja tu: *Nisamehe. Mzee anaendeleaje?* Haukujibiwa.

Zikapita siku tisa. Mshonaji aliitupa tochi kwenye droo ya vitambaa vya viraka bila kuifungua. Sare alizishona zote, lakini mbili alizifumua kwa kuweka mikono nyuma mbele. Nyumbani mzee alikaa na mguu juu ya mto, redio begani, akimtazama binti yake akiosha sahani ile ile mara mbili.

"Yule kijana wa maswali hapigi siku hizi?" aliuliza.

"Baba, sikiliza mpira wako."

Mzee alikohoa kana kwamba anataka kusema neno, akalimeza.

Jioni ya siku ya tisa mtangazaji alikuwa amepandisha sauti, mpira uko miguuni mwa mshambuliaji, amebaki na kipa, na redio ikanyamaza.

"Nipe nikubadilishie betri," mshonaji alisema.

"Hapana, hapana, acha!" Mzee aliikumbatia redio. "Iache ipumzike."

"Redio gani inapumzika katikati ya mechi? Nipe, baba."

Alifungua kifuniko cha nyuma. Betri mbili nene zilimwangukia kiganjani, na kila moja ilikuwa na utepe mweupe, na tarehe kwa herufi ndogo. Siku ile ya glavu.

Mshonaji akaenda nazo kwenye droo, akaifungua tochi. Ndani mlikuwa na betri mbili zisizo na utepe, zimeota kutu.

"Baba."

"Tulikuwa tunaongoza, mwanangu," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, redio ikaanza kukoroma. Nikaona nibadilishane kidogo tu, mechi ikiisha nirudishe. Mechi ikaisha, nikasahau. Kesho yake nikashuka."

"Na siku zote hizi ukakaa kimya!"

"Ningesemaje? Nilikuona ulivyokimbia na viatu vya ndani. Nikaona aibu." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Halafu nikakuona unaosha sahani mara mbili, nikaona aibu zaidi."

Mshonaji alitaka kugomba. Badala yake alishusha pumzi ambayo alikuwa ameibeba siku tisa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Angalau mlishinda?"

"Tulitoka sare," mzee alisema.

Asubuhi alikuwa mtaa wa vifaa vya umeme kabla maduka hayajatoa spika. Gauni lake lilikuwa jekundu, la rangi ya ile kamba. Taratibu alikuwa amesimama na mgongo kwake, na kwenye rafu mbele yake tochi sita, zote ndugu wa tochi ya mzee, zilikuwa zinawaka jua likiwa limeshachomoza. Chini ya kila moja kulikuwa na karatasi yenye saa zilizoandikwa.

"Mbona zinawaka mchana?"

Aligeuka. Alikuwa amekonda kidogo, na hakuwa amenyoa.

"Nimeacha kuziuza," alisema. "Nazipima nijue ipi inazima bila sababu. Zina siku tisa, nabadilisha betri tu." Kisha, haraka kuliko alivyowahi kusema neno lolote, "Mzee anaendeleaje?"

Mshonaji alimwekea betri mbili kiganjani. Taratibu alisoma utepe, akasoma tena.

"Zilikuwa wapi?"

"Kwenye redio yake. Alitaka kumalizia mpira."

Fundi alikaa kwenye kigoda chake kama mtu aliyetua gunia. "Nilidhani nimemuumiza baba yako," alisema. "Kila nikifumba macho nilimwona kwenye zile ngazi. Niliuliza maswali kumi na moja, la redio nikalisahau."

"Nami ilifaa nikuachie umalize sentensi yako. Nisamehe, mpenzi."

"Ulikuwa na haki. Mtu kwanza, betri baadaye. Nimejifunza."

"Taratibu," aliita muuzaji wa kibanda cha kwanza, "mkumbatie dada wa watu, ama nije mimi?"

Alimkumbatia. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyo, akazima tochi zote sita moja baada ya nyingine kabla ya kufunga kibanda.

Mchana walipanda ngazi pamoja. Taratibu alimwamkia mzee, akamuuliza kwanza habari za mguu, akamsikiliza hadi mwisho. Ndipo akatoa vitu viwili mfukoni: waya wa kuunganisha redio na umeme wa ukutani, na tochi mpya ya kuchaji, swichi pana vile vile, betri imefungiwa ndani isichomoleke.

"Kuna zile zenye redio na tochi pamoja," mzee alisema kwa matumaini.

"Nimezifikiria, mzee. Ukisikiliza mechi mbili, ngazi zinakuwa giza."

"Kumbe unanijua." Mzee aliiwasha kwa kidole gumba mara ya kwanza tu, akamulika dari, akamulika mlango, mwisho akammulika mgeni kifuani. "Bwana mdogo, nasikia kila kitu kwako kina utepe wa tarehe. Hili la binti yangu mbona halina?"

Taratibu alikata kipande cha utepe kwa meno, akachomoa kalamu, akavishika vyote hewani. Kisha akampa mshonaji.

"Andika wewe," alisema. "Siku yoyote. Nitakuja na watu wangu."

Aliandika ameinama ili baba asione, akabandika utepe chini ya tochi mpya, akamrudishia. Mzee aliigeuza, akakunja uso. Herufi zilikuwa ndogo mno kwa macho yake.

"Wekeni taa hapa," alilalamika. "Tochi haiwezi kujimulika."

Mshonaji alitoa ile ya zamani mfukoni mwa gauni, yenye kamba nyekundu na betri mpya, akaiwasha. Mzee akasoma.

"Mwezi ujao? Mbona mbali hivyo?"

"Baba, mwenyewe ni Taratibu," alisema mshonaji. "Kwake hapo ni kukimbia."