Masale Yaliyoinama

Sogeeni karibu, mkae vizuri. Huyu hapa ni Haika. Ni mdogo, lakini akianza jambo haliachi.

Kwao ni mlimani, kwenye ukungu na baridi. Shamba lao limejaa migomba. Upepo ukipita, majani husema: chwa, chwa, chwa.

Mgomba mmoja ni wa Haika. Baba aliupanda Haika alipozaliwa. Sasa Baba yuko mbali kazini. Haika akimkumbuka, huenda kukaa chini ya mgomba wake.

Asubuhi moja zikasikika buti za mpira. Pwata, pwata, pwata. Alikuwa Babu Ngowi, jirani yao.

Babu Ngowi si mtu mbaya. Kila jioni alimletea mtoto mchanga, mdogo wa Haika, maziwa. Ila akishikilia neno lake, basi tena.

Siku hiyo alitaka kujenga banda la ng'ombe. Akanyoosha kidole kwenye masale.

Mnayajua masale? Ni mimea mirefu yenye majani ya kijani. Kule mlimani, masale ndiyo mpaka. Upande huu kwako, upande ule kwa jirani.

"Masale ni haya," akasema Babu Ngowi. "Mgomba huu uko kwangu. Jumamosi naung'oa."

Mgomba wa Haika! Ung'olewe!

Mama akasema hapana, mpaka uko kule mbele. Babu Ngowi akauliza, kama uko kule, masale yake yako wapi?

Mama akatazama. Kule mbele kulikuwa na tope tupu. Mvua za masika zilikuwa zimeporomosha udongo, ukavunja na kufunika kila kitu.

Basi wakagombana. Babu Ngowi akaondoka bila kuaga. Jioni maziwa hayakuja, na mtoto akalia.

Haika naye alitaka kulia. Lakini akajifunga kanga kiunoni, akaikaza.

"Sichoki, siachi, natafuta," akasema.

Akaenda kwenye masale. Akayatazama huku, akayatazama kule. Wakubwa wakishakasirika hawatazami kitu, wanatazamana wao tu. Haika alitazama.

Ajabu. Ili ayaone yamenyooka, ilibidi alaze kichwa begani.

Akakimbia hadi njiani, kwenye mpaka wao mwingine. Masale ya huko yalisimama wima. Akarudi mbio. Ya hapa yalikuwa yameinama, yote.

"Mbona mmeinama?" akauliza. Masale hayakujibu. Chwa, chwa, chwa.

Haika akafuata sale la kwanza lilikoinamia. Akakuta kisiki cha mgomba, kimeoza. Akafuata la pili. Kisiki kingine. La tatu pia, kisiki.

Akaenda kumwambia Mama. Mama alikuwa anamenya ndizi za kupika mtori, ile supu nzito ya ndizi. Kisu kikasimama.

Mama akakumbuka. Mgomba ukibeba mkungu mzito, huanguka. Kwa hiyo huegemezwa kwa mti. Na mwaka jana Mama hakuwa shambani. Alikuwa ndani na mtoto mchanga, ananyweshwa mtori apate nguvu. Aliyelima ni Shangazi Manka.

"Shangazi yako aliegemeza migomba kwa miti ya masale," akasema Mama. "Na sale ukilichomeka tu, linachipua."

Mama akacheka hadi akajifuta machozi. Kumbe ule haukuwa mpaka. Ilikuwa ni miti ya kuegemezea migomba iliyokwishavunwa na kukatwa, imeota majani.

Wakaenda kwa Babu Ngowi. Akawasikiliza. Akakuna kidevu. Akasema sawa, yameinama, ameona. Lakini mpaka wenyewe uko wapi? Asipouona kwa macho yake, Jumamosi ni ile ile.

Haika akakaza kanga yake.

"Sichoki, siachi, natafuta."

Akachukua kijembe chake. Akaenda kwenye tope, kule mbele. Kwa, kwa, kwa. Akapata jiwe. Kwa, kwa, kwa. Akapata jiwe jingine.

Siku iliyofuata, mawe tena. Mikono ikamuuma. Mama akamwambia apumzike kidogo. Haika akapumzika kidogo, kidogo sana.

Jumamosi ikafika. Pwata, pwata, pwata. Babu Ngowi alikuja na jembe begani.

Haika alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Alikuwa ameona kitu. Kitu kidogo, cha kijani, kama ncha ya kidole.

Akaweka kijembe chini. Akachimba kwa mikono. Polepole, polepole. Likatoka jani. Chini ya jani, shina. Shina nene, la zamani, limesimama wima.

"Babu," akasema Haika. "Hili halijainama."

Babu Ngowi akachuchumaa. Akalishika lile shina. Akaangalia masale ya njiani, akaangalia hili, akakadiria kwa jicho. Kisha akaanza kuchimba yeye mwenyewe. Kwa, kwa, kwa.

Akapata la pili. Wima.

Akachimba mbele zaidi, akapata la tatu. Wima.

Mstari ulipita mbali na mgomba. Mgomba wa Haika ulikuwa kwa Haika, tangu mwanzo.

Babu Ngowi akachukua jembe lake, akaenda zake.

Jua lilipoanza kushuka, buti zikasikika tena. Pwata, pwata, pwata. Kwa mkono mmoja Babu Ngowi alishika maziwa. Kwa mkono mwingine alishika jani la sale, amelifunga fundo.

Kule mlimani, mtu akikuletea jani la sale, anaomba msamaha. Na hukatai.

Alimpa Mama lile jani. Mama akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwa Haika.

Babu Ngowi mrefu akainama. Akainama hadi akalingana na Haika.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Sikutazama."

Haika akapokea lile jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Babu. Lakini mgomba wangu una mkungu mzito. Nani atauegemeza?"

Babu Ngowi akaenda kutafuta mti. Akarudi nao, akauchomeka, akauegemeza mgomba vizuri. Haika akaukagua ule mti juu na chini.

"Usiwe na wasiwasi," akasema Babu Ngowi. "Huu si sale."

Mama akacheka. Mtoto akanywa maziwa, akalala. Haika naye akapanda kitandani, kucha zimejaa tope, jani la sale chini ya mto.

Nje, mgomba wake ulikuwa umesimama. Chwa, chwa, chwa. Haika hakusikia, alishalala.