Mikanda Miwili ya Mpira

Buti la Horea lilipasuka kwenye mteremko wa barafu, wakati ukungu umeshafunika bonde lote la milima ya Făgăraș, huko Romania. Smaranda, mkewe, aliyekuwa nyuma yake, alisikia mlio mkavu, kisha akamwona mumewe ameanguka chali, anateleza na ubao wake wa kushukia thelujini, mkoba umemchomoka na kutokomea korongoni. Jiwe ndilo lililomzuia asiufuate.

Alipomfikia, shingo ya buti la kushoto ilikuwa imeachana na gamba la chini, na mguu ndani umekaa upande usio wake. Buti lilikuwa limevunjika palepale Horea alipolikata.

Mabuti hayo magumu ya plastiki yalitengenezwa kwa watu wa skii, wanaoteleza thelujini kwa mbao mbili nyembamba. Ukipanda mlima na ubao uliogawanywa vipande viwili, kimoja kila mguu, hayana mpinzani. Lakini ukishauunga ubao ili ushuke nao, yanabana kifundo mpaka huwezi kuegemea pembeni. Ndiyo maana wapanda ubao wa kule hujifungia bandani na msumeno na tupa, wakayapunguza shingo. Horea alipunguza, akajaribu, akapunguza tena. Alikuwa hodari wa kila kitu, isipokuwa kuacha kitu kizima kibaki kizima.

"Livue," alisema, ameuma meno. "Smaranda, nakufa. Livue!"

"Nikilivua halirudi. Mguu utavimba, na hiyo plastiki imeganda."

"Umekuwa daktari tangu lini?"

"Tangu wewe uwe fundi viatu."

Horea alicheka, na kicheko kikageuka kuwa ukelele. Simu haikushika mtandao. Smaranda alikuwa na kamba moja na mikanda miwili ya mpira. Kwa mikanda alilibana buti lililopasuka, likaushika mguu na kuukinga na theluji. Kwa kamba alimfunga mumewe juu ya ubao, na ncha yake akajifunga kiunoni. Ubao wake mwenyewe aliusimika kwenye theluji akauacha, akaanza kushuka kwa miguu, akipiga ncha za mabuti kwenye barafu na kumteremsha Horea kidogo kidogo.

Kibanda cha waokoaji kilikuwa ng'ambo ya korongo. Upepo ulikuwa umeanza kurundika theluji juu yao, na wote wawili walijua maana yake: maporomoko. Hakukuwa na nafasi ya kungoja.

Walipofika ukingoni, Horea aliita kwa sauti ya chini.

"Mke wangu. Usivuke kwanza."

"Nini tena?"

"Mabuti yako nayo nimeyakata. Wiki iliyopita. Nilitaka uyafurahie bila kujua kwa nini."

Smaranda alifuta theluji kwenye mabuti yake. Katika kila shingo, chini ya kifungo, palikuwa na mstari mweupe. Ule wa kulia ulikuwa umeanza kufunguka. Hasira ilimpanda mpaka akasahau baridi.

"Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Na kwa nini unaniambia sasa?"

"Kwa sababu utaanguka."

Smaranda alitazama korongo. Buti lake likimvunjikia mle ndani, wangekwenda wote wawili, maana kamba ilikuwa kiunoni mwake. Alipiga magoti, akaanza kufungua mikanda kwenye mguu wa Horea.

"Hapana," Horea alisema. Alijua mkewe anaihitaji, lakini maumivu hayana adabu. "Hapana, mpenzi, usinifungue. Tafuta kitu kingine. Smaranda! Nakuomba!"

"Hakuna kitu kingine."

Aliifungua yote miwili. Buti likapanuka, theluji ikaingia ndani. Horea alimtukana yeye, akamtukana na mama yake. Smaranda alijifunga mkanda mmoja katika kila shingo ya buti, akaingia korongoni. Kila alipopiga teke alisikia plastiki ikilia. Katikati, buti la kulia lilipasuka mpaka chini. Mkanda ukalishika.

Waokoaji waliwaona wakitokea korongoni, giza likianza kuingia. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu zilizoganda, aligusa mguu wa Horea, akautazama uso wa Smaranda. Alimpa chai iliyotiwa pombe kali ya matunda. Hakuweza kuishika; vidole vyake vilikuwa vimeganda.

Hospitalini walilikata lile buti la Horea kwa msumeno. Baadaye wakaukata na mguu, chini ya goti. Smaranda alikaa kando ya kitanda na vidole vyake vilivyofungwa bendeji.

"Ungenyamaza," alisema, "labda ungebaki na mguu wako."

Horea alikuwa anatazama dari.

"Ningebaki nao na nani?"

Smaranda alikuwa bado na hasira naye, hasira kubwa ambayo hakujua kama itakwisha. Lakini aliushika mkono wake kwa vile vidole vibovu, na hakuuachia mpaka muuguzi alipokuja kumwambia saa za kuona wagonjwa zimekwisha.